Kuchuna kichwa cha nyara na kutoa pembe: mbinu za kulungu wa Marekani zinafaa kwa swala wetu?

Mwanafunzi wa Karakana, Arusha

Wakubwa shikamooni, na wenzangu nawasalimu.

Ninajifunza kazi ya kutengeneza nyara katika karakana moja hapa Arusha, na msimu ujao nimepangiwa kwenda porini nikiwa msaidizi wa mchunaji mkuu katika kambi ya uwindaji wa kitalii upande wa Simanjiro. Kazi ya mezani, yaani kuivisha ngozi iliyokwisha kutiwa dawa kwenye umbo la povu gumu, kuipanga usoni na kuishona, nimeielewa kiasi cha kuaminiwa. Kinachonitia wasiwasi ni hatua ya kwanza, ile ya kumchuna mnyama kuanzia mabegani hadi puani bila kuiharibu ngozi ya uso, kwa sababu karibu kila maelekezo ninayoyapata yameandikwa na Wamarekani, na mnyama wanayemtumia kama mfano ni kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye huku kwetu hayupo.

Ningependa kuelezwa na wenye uzoefu mkato unaofaa uanzie wapi na uishie wapi, namna ya kupita kwenye masikio, macho na midomo, na hasa namna ya kutoa pembe. Wamarekani wanakata kipande cha juu cha fuvu kwa msumeno na pembe zinabaki zimeshikana nacho. Je, kwa swala pala, tandala au kongoni tunafanya vivyo hivyo, au kuna njia nyingine? Nitashukuru kwa maelezo marefu, kwa kuwa porini sitakuwa na mtu wa kumuuliza kila dakika.

Mchunaji Mstaafu, Moshi

Marahaba, kijana wangu. Umefanya vema kuuliza mapema.

Kwa upande wa ngozi, karibu yote uliyoyasoma kuhusu kulungu yanafaa kwa swala. Tofauti kubwa iko kwenye manyoya na kwenye joto. Kulungu anayewindwa Marekani wakati wa baridi ana manyoya marefu na mazito yanayoficha mshono, na mara nyingi hewa yenyewe inamhifadhia mwindaji ngozi yake usiku kucha. Swala pala ana manyoya mafupi yanayolala bapa, kwa hiyo kila mkato usio wa lazima utaonekana ukutani kwa miaka yote nyara itakayoishi, na joto la tambarare za Simanjiro halitakupa muda wa kwenda kula kwanza.

Kabla ya kugusa kisu, pima kutoka pembe ya ndani ya jicho hadi ncha ya pua, uandike. Piga picha za uso kutoka mbele na kutoka pande zote mbili. Ukishachuna shingo, pima mzunguko wa nyama yenyewe mahali patatu: nyuma ya masikio, katikati, na pale shingo inapoingia mabegani. Fundi atakayeagiza umbo la povu hatamwona mnyama wako akiwa mzima, na vipimo hivyo ndivyo vitakavyomwelekeza.

Mkato wa kwanza uzunguke kiwiliwili nyuma ya mabega, karibu na katikati ya mbavu. Wachunaji wengi hukata mbele mno kwa kuona kwamba nyara ni kichwa na shingo tu, kisha fundi anakosa ngozi ya kufunika kifua. Ngozi iliyozidi hupunguzwa kwa mkasi, lakini iliyopungua haiongezwi na mtu. Kwenye miguu ya mbele, zungusha kisu juu kidogo ya goti, halafu pasua upande wa nyuma wa mguu, mahali ambapo rangi ya nje inakutana na manyoya meupe ya ndani, ukipanda hadi nyuma ya kiwiko na kuungana na ule mkato wa mbavuni. Usipasue kutoka kwapani kwenda kidarini, na usiguse koo kabisa. Suala la kuchinja lizungumzwe na wenzako kabla gari halijatoka kambini, kwa heshima na kwa uwazi, ili ieleweke ni mnyama gani wa nyara na ni yupi wa kitoweo, maana koo lililokatwa haliwezi kufichwa kwenye nyara ya mabega hata na fundi aliyebobea.

Kuhusu mgongo wa shingo kuna njia mbili. Ya zamani ni kupasua kutoka kwenye mkato wa mbavuni, ukifuata mstari wa uti wa mgongo hadi kisogoni. Ya pili ni kuivua ngozi kama bomba, ukiikunja kuelekea kichwani bila kuipasua, kisha ukafungua mkato mfupi tu kisogoni, wenye urefu wa kiganja hivi, unaogawanyika mara mbili kama herufi Y na kila tawi likienda kwenye shina la pembe moja. Kwa swala pala na swala tomi mimi nachagua hii ya pili, kwa sababu mshono unabaki nyuma ya pembe ambako mtazamaji hafiki. Kwa tandala mkubwa, ambaye ana manyoya marefu juu ya shingo, ukilazimika kupasua, pita pembeni mwa safu hiyo na si katikati yake. Kisu kiingie chini ya ngozi kikiwa kimeelekeza makali juu, kikate kutoka ndani kwenda nje, ili manyoya yasikatwe.

Kichwa kitenganishe na shingo kwenye kiungo cha fuvu na pingili ya kwanza. Ukikipata kiungo hicho kwa ncha ya kisu huhitaji msumeno.

Sasa uso, na hapa usiwe na haraka. Masikio yakate chini kabisa, gegedu likiwa limegusana na fuvu. Kwenye shina la pembe ngozi imeshika sana. Tumia bisibisi bapa isiyo na makali kuisukuma huku kisu kidogo kikifuata mfupa, na usiache hata ukanda mwembamba wa manyoya ukibaki kwenye pembe. Ukifika machoni, ingiza kidole chako ndani ya kope kutoka upande wa nje, uivute ngozi mbali na fuvu, ukate ukigusa mfupa wa tundu la jicho. Kidole hicho ndicho kitakachokuambia kisu kiko wapi. Mbele ya jicho la kulungu kuna shimo kwenye mfupa ambamo ngozi ya tezi imejificha, na ukikata juu juu unatoboa tundu baya. Wanyama wetu hawafanani katika hilo: digidigi na swala tomi wana tezi kubwa mahali hapo, kwa hiyo chimba kwa ncha ya kisu hadi sakafu ya shimo, swala pala hana tezi hiyo, na hapo utapita kwa urahisi zaidi.

Midomo ikate kwa ndani, karibu na fizi, ili ngozi laini ya ndani ibaki imeshikana na ya nje. Fundi anaikunja ngozi hiyo na kuizamisha kwenye mfereji wa umbo ili mdomo ufungwe vizuri. Pua nayo ikate nyuma sana, kwenye gegedu, ili matundu yote yatoke yakiwa mazima.

Mama wa Karakana, Usa River

Namshukuru mzee kwa maelezo yake, nami nitajibu la pembe, kwa kuwa hapo ndipo maelekezo ya Kimarekani yanapoweza kukupotosha, mwanangu, usipojua sababu yake.

Pembe ya kulungu ni mfupa mtupu. Inaota juu ya kishina cha mfupa kwenye paji la fuvu, inakua ikiwa imefunikwa na ngozi laini yenye mishipa ya damu, kisha ngozi hiyo inakauka na kupukutika, na baada ya majira ya kupandana pembe nzima huanguka na nyingine kuota mwaka unaofuata. Pembe ya swala, tandala, kongoni au nyati ni kitu kingine kabisa: ndani kuna mfupa hai uliotoka kwenye fuvu, na juu yake kuna ala ya kitu kile kile kinachofanya kwato na kucha. Ala hiyo haianguki, na inakua pamoja na mnyama maisha yake yote.

Kwa hiyo kwa kulungu hakuna cha kuvua. Njia pekee ya kuzitoa pembe zikiwa pamoja ni kukata kipande cha fuvu, na kazi hiyo hufanywa baada ya ngozi yote ya uso kuondolewa. Piga picha ya ubavuni kwanza ili mlalo wa pembe ujulikane. Chora mstari kwa penseli kuanzia kwenye ukingo wa nyuma wa fuvu, upite katikati ya matundu ya macho pande zote mbili, utokee juu ya mfupa wa pua. Kisha mtu mmoja ashike pembe kwa uthabiti na mwingine akate taratibu akifuata mstari. Msumeno wa buchani unafaa kuliko ule wa kukatia chuma, ambao meno yake madogo huziba kwa mafuta na unga wa mfupa. Kipande kitoke kikiwa kinene na kipana. Asiyezoea hukata juu sana, karibu na shina la pembe, akadhani anampunguzia fundi kazi. Kumbe mfupa mwembamba unapasuka unapofungwa kwa skrubu kwenye umbo, na mteremko wa pembe unapotea. Baada ya hapo toa ubongo wote, kwangua utando, paka chumvi sehemu ya ndani na uache pakauke.

Huko Marekani hatua ya kutoa ubongo ina uzito wa pekee, kwa kuwa kulungu wao wanapata ugonjwa wa kudhoofika ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967, ambao chanzo chake ni protini zilizopinda zinazokaa kwenye ubongo na uti wa mgongo na ambazo kuchemsha hakuziui. Ndiyo maana majimbo mengi yao huzuia kusafirisha kichwa kizima lakini huruhusu kipande cha fuvu kilichosafishwa.

Kwa wanyama wetu, kipande cha fuvu tunakikata vile vile, kwa mstari ule ule. Lakini kazi haijaisha, na anayeishia hapo analiacha tatizo ndani ya pembe. Kati ya ala na mfupa kuna tishu yenye damu, na mfupa wenyewe una vishimo vingi vinavyoshika unyevu. Ikiachwa hivyo inaoza, inatoa harufu, na inaalika funza na wadudu wa ngozi. Tena kuna nondo wa pembe, mdudu wa Afrika hii hii, ambaye viwavi wake hula ala na kujenga vijumba vinavyotokeza nje kama vidole vidogo vya udongo. Mwenye nyara hugundua baada ya pembe kutobolewa.

Kwa hiyo vua ala. Loweka kichwa kwenye pipa la maji hadi juu ya shina la pembe na ukiache. Kwa joto la kambini swala pala huwa tayari baada ya siku kadhaa, na nyati anachukua muda mrefu zaidi. Harufu yake ni kali, kwa hiyo pipa liwekwe mbali na jiko na mahema, upande upepo unakoelekea. Zungusha ala kwa mikono, ukiisaidia kwa nyundo ya mpira au kipande cha ubao, na itatoka yenyewe. Kuna wanaoharakisha kwa kuchemsha. Mimi nakubali maji ya moto yasiyotokota, tena kwa kitambo tu, kwa sababu ala iliyopikwa sana hulainika, huachana tabaka na baadaye hupasuka. Weka alama ya kushoto na kulia kwa namna isiyofutika. Oshea ndani, kausha kivulini, kata sehemu ya juu ya mfupa wa ndani ili unyevu usibaki huko, kisha ala itarudishwa karakana kwa gundi ngumu ikiwa safi na kavu.

Ikiwa mteja anataka fuvu jeupe pasipo ngozi, chemsha kwa moto mdogo bila kutokota, na kwa kulungu maji yasifike kwenye pembe zake kwa kuwa yanazipausha rangi. Weupe hupatikana kwa hidrojeni peroksaidi. Dawa ya kufulia yenye klorini usiitumie kamwe, maana inaendelea kuula mfupa hata baada ya kuoshwa.

Mwanafunzi wa Karakana, Arusha

Mzee wangu na Mama, nawashukuru sana; jambo la ala na mfupa sikuwahi kulielezwa hivi. Nina mawili yaliyobaki. La kwanza ni chumvi: nimeambiwa na mtu mmoja kwamba chumvi yoyote inatosha, na mwingine akasema magadi yanakausha haraka zaidi. La pili, masikio yageuzwe porini pale pale au yaachwe mpaka ngozi ifike mjini? Tena, nafasi katika gari ikiwa finyu, kuna ubaya gani kupasua fuvu katikati ili pembe mbili zilale pamoja?

Fundi wa Njiro

Ndugu yangu, magadi yaache jikoni. Magadi ni alkali, na alkali hulegeza mizizi ya manyoya. Watengenezaji wa ngozi za viatu hutumia chokaa kwa kusudi hilo hilo la kuyaondoa. Utapata ngozi kavu isiyo na manyoya.

Chumvi iwe laini, safi, na ikiwezekana isiyotiwa madini joto. Ile ya mawe, yenye chembe kubwa, haigusi kila sehemu ya ngozi, na mahali palipokosa chumvi ndipo bakteria wanapoanza. Iwapo ndiyo pekee iliyopo, itwange kwanza. Nyama na mafuta viondolewe kabla, kwa kuwa chumvi haipenyi nyama nene kuifikia ngozi iliyo chini yake. Paka kwa kusugua, hasa pembezoni, kwenye kope, ndani ya midomo iliyopasuliwa, na kwenye gegedu la pua. Uwe na chumvi ya uzito usiopungua ule wa ngozi yenyewe. Kunja ngozi upande wa nyama ndani, uilaze juu ya ubao ulioinamishwa ili maji yatiririke, na kesho yake kung'uta chumvi iliyolowa, uitupe, upake mpya. Chumvi iliyotumika imebeba bakteria, hata ikionekana nyeupe. Baada ya hapo tundika kivulini penye upepo. Jua linaikaanga ngozi, mafuta yake yanayeyuka ndani, na dawa za karakana haziingii tena. Mfuko wa plastiki ni mbaya kuliko jua. Pia chagua moja: ukiwa na jokofu la kugandisha, gandisha ngozi bila chumvi, ngozi yenye chumvi haigandi sawasawa na inaharibika humo ndani taratibu.

Kuhusu masikio, geuza porini, siku ile ile. Tenganisha ngozi ya nyuma ya sikio na gegedu kwa kijiti butu au koleo la kugeuzia, taratibu hadi kwenye ncha, kisha tia chumvi ndani. Ncha ya sikio ndiyo ya kwanza kunyonyoka manyoya, na swala asiye na manyoya kwenye ncha za masikio haponi.

Ila sitakubaliana kikamilifu na mzee kuhusu kuivua ngozi kama bomba. Mezani ni njia nzuri kuliko zote. Porini, kwa mnyama mkubwa kama pofu au nyati, aliyepigwa saa tano mchana na kambi iko mbali, bomba la ngozi nene linashika joto ndani na chumvi haifiki kwenye mikunjo. Hapo mimi napasua mgongo wa shingo wote, ngozi inatandazwa, inapoa, na chumvi inaingia. Mshono mrefu juu ya shingo ya nyati unashoneka; manyoya yaliyotoka hayarudi.

Mchunaji Mstaafu, Moshi

Fundi amesema kweli kwa wanyama wakubwa, na kwa nyati ningefanya kama yeye. Msimamo wangu unabaki kwa swala wadogo wenye manyoya mafupi, ambao ngozi yao ni nyembamba na inapoa upesi, mradi bomba ligeuzwe nje ndani mara linapotoka ili chumvi ifike kila mahali.

Niongeze la usalama na la sheria. Mnyama aliyekutwa amekufa, hasa anayevuja damu puani au nyuma bila jeraha, asiguswe wala asipasuliwe, kwa kuwa kimeta kipo katika mikoa yetu hii ya kaskazini na kinaua watu. Toa taarifa kwa maofisa wa mifugo na wa wanyamapori. Vaa glovu hata kwa mnyama mzima wa afya. Na chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nyara bila kibali au hati yake ni kosa, kwa hiyo namba ya kibali iandikwe kwenye lebo isiyolowa na ifungwe kwenye ngozi na kwenye pembe tangu dakika ya kwanza, wala visiachane mpaka karakana. Ukipata nafasi, tembelea Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, hapa juu ya Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963. Kushika mafuvu yaliyosafishwa na kuona vishina vya mifupa kwa macho kunafundisha haraka kuliko maandishi yetu.

Mama wa Karakana, Usa River

La kupasua fuvu, mwanangu, usilifanye hata gari likiwa limejaa. Umbali kati ya pembe na pembe ni sehemu ya kipimo cha nyara, na fuvu likishagawanywa hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba upana huo haukuongezwa wakati wa kuunganisha. Klabu ya Boone and Crockett ya Marekani, ambayo vipimo vyake vya kulungu vinafuatwa na wengi, huikataa moja kwa moja nyara yenye fuvu lililopasuliwa, na hutaka pembe zikae siku 60 zikikauka kabla ya kupimwa. Kwa wanyama wetu dawa ya nafasi finyu unayo tayari: vua ala, zifunge kando kwa gunia zikiwa na alama zake, na fuvu lenye mifupa mifupi litaingia popote. Tandala mkubwa pekee ndiye atakayekusumbua, kwa urefu wa mizunguko ya pembe zake, na huyo ni bora umwombee nafasi katika gari la pili.

Mwanafunzi wa Karakana, Arusha

Nimeelewa, Mama. Nitatafuta pipa lenye kina cha kutosha kabla ya safari, na chumvi laini nitaiagiza kwa gunia badala ya kutegemea ya kambini. Lebo na kamba za nailoni nitazibeba mwenyewe. Mzee, nikipata ruhusa ya karakana nitakuja Mweka kabla msimu haujafunguliwa.